Barua ya wazi: Daftari la vifo lishuke kwenye kata

Kwa Kabidhi Wasii Mkuu, msimamizi wa usajili wa vizazi na vifo nchini, kwa Makatibu Tawala wa Wilaya, na kwa wakurugenzi wa halmashauri zote za Lindi na Mtwara.

Waheshimiwa,

Wanaostahili shikamoo, shikamooni. Wengine nawasalimu kwa heshima zote.

Naanza na ombi lenyewe, maana najua barua za wananchi husomwa mistari ya mwanzo kisha zikaingia kwenye faili. Naomba usajili wa vifo ushuke kwenye kata na kwenye vituo vya afya, kama mlivyoshusha usajili wa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto akizaliwa leo kijijini Newala, ataandikwa zahanati au kwa mtendaji wa kata, na cheti chake atapewa hukohuko bila kulipa hata senti. Babu yake akifariki kesho kutwa katika nyumba hiyohiyo, karatasi yake inafuatwa wilayani, kwa nauli, kwa ada na kwa kusubiri.

Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatutambua. Haitulipi, ila hilo si shauri la leo. Nazunguka vijiji vya upande wa Masasi na Nachingwea, na mtu akisikia kazi yangu hudhani watu huniletea talaka na mipaka ya mashamba. Hayo yapo. Lakini ukiyafukua mengi unakuta chini yake kuna mtu aliyekufa na hakuandikwa popote. Shamba linagombewa kwa sababu mwenyewe hayupo, na hakuna karatasi inayosema kwamba hayupo. Mtoto amekwama chuo. Mama hawezi kugusa fedha ambazo kila mtu kijijini anajua ni za mumewe. Wananijia na bahasha ya kaki, ndani mna kadi ya kliniki, risiti ya ghala, kitambulisho cha mpiga kura, barua ya mtendaji yenye muhuri uliofifia, na ukibahatika, tangazo la kifo la hospitali lililokunjwa mpaka limechanika kwenye mikunjo.

Nianze na siku 30. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, ambayo asili yake ni enzi za Mwingereza, inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku hizo. Ukiwa ofisini siku 30 ni nyingi. Ukiwa kwenye jamvi la msiba ni chache mno. Mume akifa leo, kwetu anazikwa leo au kesho asubuhi. Yanafuata matanga, hitima, arobaini. Mjane Mwislamu anakaa eda miezi minne na siku kumi, na kwa desturi ya huku mwanamke aliye edani haonekani barabarani, sembuse kupanda basi la alfajiri kwenda kupanga foleni kwenye ofisi ya Serikali. Siku 30 zinakwisha yeye yuko ndani. Anapotoka anakuta ameshachelewa kisheria, na usajili uliochelewa unadai maelezo na ushahidi zaidi kuliko ule wa mapema. Kwa hiyo yule anayehitaji cheti kuliko wote ndiye ambaye muda wa sheria ulimpita akiwa ametimiza wajibu wake kwa marehemu.

Mtaniambia amtume shemeji. Anatumwa, ndiyo. Na hapo tunaingia kwenye jambo ambalo mtu wa kutoka nje ya mikoa hii huenda asilione. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua ukoo wao unahesabiwa kwa upande wa mama, na mali ya mwanamume kwa mila ilikuwa inaelekea kwa wapwa zake. Siku hizi mambo yamechanganyika: kuna dini, kuna mahakama, kuna watoto waliosoma, na kuna wajomba waungwana wengi tu ambao wametetea watoto wa marehemu kuliko hata mama yao angeweza. Lakini anayeshika karatasi za msiba bado mara nyingi ni kaka au mjomba, na anayeshika karatasi ndiye anayeshika mazungumzo. Nimeona tangazo la kifo likilala kwenye sanduku la mtu misimu kadhaa ya korosho, na wala halikuwa limesahaulika. Kama daftari lingekuwa kwa mtendaji, au hata mtendaji angelifikisha nyumbani kwa mfiwa kama tunavyoona chanjo zikifuatwa nyumba kwa nyumba, mjane angetoa taarifa mwenyewe akiwa edani, na jina lake ndilo lingeandikwa kwenye nafasi ya mtoa taarifa. Hakuna sanduku lingeweza kulificha.

Waliofia hospitali, mtu atadhani mambo yao ni mepesi. Hospitali inatoa tangazo la kifo, ndugu wanalipeleka wilayani, cheti kinatoka. Sasa mchukueni mgonjwa wa Ruangwa aliyepelekwa hospitali ya Ndanda. Ruangwa ni Lindi. Ndanda iko wilaya ya Masasi, mkoa wa Mtwara. Kifo kinaandikishwa kilikotokea. Ndanda na Nyangao zimepokea wagonjwa wa mikoa yote miwili tangu enzi za wamisionari Wabenediktini, na ugonjwa haujawahi kuheshimu mpaka wa mkoa. Wengine wanafia hospitali ya Ligula pale Mtwara, wengine Sokoine pale Lindi, wengine hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, wengine wamefika mpaka Muhimbili. Mwili unarudishwa nyumbani kuzikwa, na karatasi inabaki na deni lake kule ulikotoka. Mtu aliyekwisha kuchanga nauli ya kumleta marehemu nyumbani anatakiwa achange tena kwenda kusema kwamba marehemu alifia huko.

Na saa ile ya kupokea mwili (sizungumzii hospitali moja, hii ni kila mahali) ndugu hawana akili ya makaratasi. Wanatafuta gari. Wanatafuta sanda. Wanapiga simu kijijini ili wachimba kaburi waanze. Tangazo la kifo linapita mikononi mwao pamoja na risiti za dawa na karatasi za vipimo, na nadra kumpata mtu wa kuwaambia: hii mojawapo ni tofauti na hizo nyingine, msiipoteze, na ipelekeni ofisi fulani kabla ya tarehe fulani. Ni dakika moja tu ya maneno. Watu wengi ambao leo wanahangaika kwangu wangeokolewa na dakika hiyo.

Waliofia nyumbani ndio wengi wa vijijini, na hao hawana hata tangazo. Wanaanza na mwenyekiti wa kitongoji, wanakwenda kwa mtendaji wa kijiji, kisha mtendaji wa kata, barua juu ya barua, ndipo wilayani. Nanjirinji mpaka Kilwa Masoko ni safari. Vijiji vya ndani ya Liwale mpaka Liwale mjini ni safari, na mvua ikinyesha si safari tena, ni dua. Mwaka 2024 mwezi Mei, kimbunga Hidaya na mvua zilizokiandama ziliikata barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam upande wa Kilwa. Malori yalilala, abiria walilala. Waliofiwa wiki zile, siku zao 30 zilihesabiwa kama za watu wengine wote.

Sasa korosho, maana huku kwetu kila jambo linaishia kwenye korosho.

Mfumo wa stakabadhi ghalani tunao tangu msimu wa 2007/08. Mkulima anapeleka korosho chama cha msingi cha ushirika, zinakwenda ghalani, zinauzwa mnadani, fedha zinarudi. Zamani karani alihesabu noti juu ya meza, na wizi uliokuwepo kwenye meza ile tunaujua. Siku hizi malipo yanaingia benki, kwenye akaunti ya mkulima mwenyewe. Ni jambo jema, nami nililishangilia. Lakini mikorosho huiva Oktoba na wazee hufa mwezi wowote. Mzee kaokota, kaanika, kapeleka ghalani mwezi wa kumi na moja, kafariki kabla ya malipo. Fedha zinaingia kwenye akaunti yenye jina lake, na hapo zinasimama.

Benki haina kosa: lete cheti cha kifo na uteuzi wa msimamizi wa mirathi. Mahakama ya Mwanzo haina kosa: lete cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Chama cha msingi hakina kosa: namba ya mkulima ni ya marehemu, hatuwezi kumwandikia mtu mwingine salfa ya ruzuku, dawa ya mikorosho, kwa namba hiyo mpaka mahakama iseme. Kila mlango unaobishwa unajibu kwa haki, na kila mmoja unaelekeza kwenye karatasi ileile. Mahakama ikishamteua msimamizi inampa miezi minne awasilishe orodha ya mali. Sheria inajua kuharakisha ikitaka. Mwendo mrefu uko kabla ya mahakama, kwenye karatasi ya kwanza.

Huku nyuma shamba halisubiri. Palizi inataka fedha, salfa inataka fedha, na mikorosho isipopuliziwa, ubwiriunga unakula maua. Mjane mwenye mamilioni kwenye akaunti asiyoweza kuigusa anakwenda kukopa kwa mtu ambaye atamlipa kwa korosho changa, zikiwa bado mtini. Kangomba huyo, mnunuzi wa magendo. Mnawajua, maana kila msimu mnatangaza doria dhidi yao, mizani inakamatwa, pikipiki zinakamatwa. Doria iendelee. Ila sijawahi kusikia mkuu yeyote akiuliza nani anayemwuzia kangomba na kwa nini. Miongoni mwao wamo wafiwa ambao mlango wa halali umefungwa na karatasi moja. Wakipata cheti mapema, kangomba anapoteza wateja bila askari hata mmoja kutumwa.

Mnakumbuka msimu wa 2018/19, Serikali iliponunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kuzisomba. Malipo yalichukua muda kwa wengi, uhakiki juu ya uhakiki. Wapo waliofariki wakisubiri. Familia zao zilipoitwa, ziliulizwa cheti cha kifo, na nyingine ndiyo kwanza zikasikia kuna kitu kama hicho.

Nije kwenye majina, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu ndipo hoja yangu kubwa ilipo.

Mzee wa huku ana jina alilopewa na bibi yake, jina alilotoka nalo jandoni, jina la dini, na maandishi ya kila karani aliyewahi kumwandika. Nimeshika bahasha ambamo tangazo la hospitali linasema Mohamedi Salumu, kadi ya benki inasema Mohamed Salum, kitambulisho cha NIDA kinasema Muhamedi Salumu na jina la tatu la babu, na daftari la chama cha msingi lina jina la jandoni peke yake, kwa sababu karani ni mtu wa kijiji hichohicho na hakuona haja ya mengine. Wote hao ni mtu mmoja. Aliyezikwa nyuma ya msikiti, kila mtu anajua wapi. Lakini wilayani, afisa aliye nyuma ya dirisha hakumjua marehemu, hajui mjukuu wake ni yupi, na kwa haki kabisa anasema majina hayalingani. Kinadaiwa kiapo. Kiapo kinataka mwanasheria au mahakama, mwanasheria yuko mjini, mjini ni nauli nyingine. Na kiapo chenyewe kinaapwa na nani? Na watu walewale wa kijijini, wakieleza jambo ambalo mtendaji wao angelithibitisha akiwa amekaa kibarazani.

Kwa hiyo siombi ofisi isogee kwa sababu ya umbali peke yake. Naomba isogee kwa sababu wanaomjua aliyekufa wako kijijini. Wanajua majina yake yote, wanajua alikuwa na wake wangapi, wanajua watoto wake wa Newala na wale wa Dar es Salaam, wanajua alikufa Jumatatu wala si Jumanne. Wiki ya msiba wote wamekusanyika mahali pamoja, wanakula sahani moja. Ukiliandika daftari wiki ile, chini ya mwembe ule, na fomu ikiwa na nafasi ya majina mengine aliyotumia marehemu, unapata habari safi ambayo hutaipata tena. Miaka mitano baadaye mashahidi wamehama, wamesahau, au nao wamezikwa.

Hili linawaumiza vibaya vijana. Kila mwaka dirisha la Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu likifunguliwa, yatima wetu wanaanza kukimbia. Bodi inataka cheti cha kifo cha mzazi, na kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa Serikali wa usajili. Inafanya hivyo kwa sababu kulikuwa na wajanja waliowaua wazazi wao kwenye makaratasi ili wapate mkopo mkubwa, sawa. Lakini binti aliyefiwa na baba akiwa darasa la pili, akalelewa na bibi, akafaulu kidato cha sita, leo anaambiwa athibitishe kifo cha miaka zaidi ya kumi iliyopita ndani ya wiki chache. Bibi hasomi. Zahanati ya wakati ule ilikuwa na daftari ambalo mchwa wameshamaliza. Mtendaji wa sasa ni mgeni, katoka mkoa mwingine. Nimemwona kijana ameitwa mwongo dirishani kwa sababu alisema baba yake alikufa masika na barua ya kijiji inasema Agosti. Alikuwa mdogo, masika ndiyo aliyoikumbuka. Hapo sitaji ofisi wala wilaya.

Wapo ambao hata daftari la kata halitawatosha, na sitaki kuwadanganya. Mvuvi wa Msimbati au wa Kilwa Kivinje aliyechukuliwa na bahari hana mwili wala kaburi, na kesi yake ni ya mahakama. Waliofia ng'ambo ya Ruvuma, huko Msumbiji, wanaletewa ndugu zao karatasi ya Kireno, au hawaletewi chochote. Hao wanahitaji utaratibu wao. Nawataja ili ikiwa mtaandika mwongozo mpya wasije wakaachwa nje tena.

Mtanijibu kuna mfumo wa eRITA, mtu anaomba kwa simu bila kusafiri. Naufahamu, nimewasaidia watu kuutumia, na kwa mwenye kuweza ni nafuu kubwa. Mwenye kuweza ni yule mwenye simu ya kisasa, barua pepe, mtandao unaoshika, na tangazo la kifo la kupiga picha. Mama wa Chiungutwa anakwenda steshenari. Kijana wa steshenari anamfungulia akaunti kwa barua pepe ya steshenari, anamtengenezea nywila anayoijua yeye mwenyewe kijana, anampa kontrol namba kwenye kikaratasi. Mwezi ukiisha, majibu yameingia kwenye barua pepe ambayo mama hajawahi kuiona. Akirudi, kijana kahamia Mtwara mjini. Na huyo ni kijana mwema. Sijawazungumzia vishoka wanaokaa karibu na ofisi wakiuza haraka.

Kuhusu watumishi wenu wa wilayani, nataka niwatendee haki. Wengi ni mtu mmoja au wawili kwa wilaya nzima, wanaandika vizazi, vifo, wanahakiki, wanajibu simu, na umeme ukikatika hawana la kufanya. Ile kauli ya "mtandao uko chini, njoo kesho" siku nyingine ni kweli tupu. Lakini kesho ya mtu wa mjini na kesho ya mtu wa kijijini hazina bei moja. Mtu aliyetoka mbali na kuambiwa kesho anatafuta pa kulala, au anarudi nyumbani na harudi tena.

Najua pingamizi mtakayoiweka mezani: watendaji watauza vyeti. Naichukulia kwa uzito, maana nimefanya kazi na watendaji, wamo wenye njaa. Ila tazameni karatasi zilivyo leo. Kwa mtu aliyefia nyumbani, ushahidi wote wa wilaya unatokana na barua ya mtendaji. Wilaya haiendi kaburini. Inaisoma barua ile, inaiamini, inaandika. Tayari basi mmemwamini mtendaji kwa jambo kubwa, tena kwa karatasi ya kawaida isiyo na namba wala nakala, ambayo anaweza kuiandika mara tatu kwa majina matatu. Daftari lenye namba, lenye sahihi za mashahidi wawili wa msibani, na taarifa inayotumwa kwa simu siku hiyohiyo kwenye kanzidata, litamfunga mikono kuliko barua ile. Na njia hiyo hamtaibuni. Ndiyo mliyoitumia kwa watoto, ule mpango ulioanzia Mbeya mwaka 2013 kwa msaada wa UNICEF na baadaye ukafika kwetu Lindi na Mtwara: cheti kinaandikwa kwa mkono, taarifa zinakwenda kwa simu. Watendaji na wauguzi walifundishwa, wakaweza. Muuguzi aliyeweza kumwandika anayekuja anaweza kumwandika anayeondoka.

Ada nayo itazameni. Sisemi cheti cha kifo kiwe bure milele kwa kila mtu. Mwenye nyumba za kupangisha Dar es Salaam alipe. Lakini kinachoandikishwa ndani ya muda kingekuwa bure kama kile cha mtoto, ili watu wawe na sababu ya kuwahi. Na mjane aliye edani ahesabiwe muda wake kuanzia siku anayotoka. Hili la eda linaweza kuhitaji sheria ibadilishwe, nalo si la ofisi zenu peke yenu. Basi lipelekeni Wizara ya Katiba na Sheria na wabunge wetu walisikie huko. Mengine hayahitaji Bunge. Dakika moja ya maelezo pale mwili unapokabidhiwa haihitaji Bunge. Afisa wa wilaya kutoka na daftari lake siku moja ya mwezi, akakaa Nanjirinji, mwezi unaofuata kata nyingine, na ratiba ikajulikana mapema, hiyo ni mafuta ya pikipiki na uamuzi.

Imamu, padri na mchungaji nao washirikishwe, maana hakuna maziko yanayowapita. Imamu wa kijijini kwetu anatangaza deni la marehemu kabla ya kusali jeneza: mwenye kudai aje kwa ndugu fulani. Angeongeza sentensi moja, kwamba marehemu bado hajaandikwa na daftari liko kwa mtendaji, watu wangelichukua kama sehemu ya maziko. Nimemwuliza, anasema yuko tayari, ila daftari lenyewe kwanza liwepo.

Ninyi wenyewe mtafaidika, hata kama habari za wajane hazijawagusa. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu, Mtwara zaidi ya watu milioni 1.6, Lindi karibu milioni 1.2. Walioondoka tangu siku ile, halmashauri zinawakisia. Mganga mkuu wa wilaya anajua waliofia wodini. Waliofia vitandani kwao, kwa homa gani, kwa uzazi gani, kwa umri gani, hajui. Kwenye daftari la wapiga kura mpaka kuwe na uboreshaji ndipo tunakumbushana nani ameshazikwa.

Mnada wa kwanza wa korosho kwa kawaida huwa Oktoba. Kabla ya hapo naomba mambo mawili tu, mengine tutaendelea kuyaombea. La kwanza, chagueni kata chache katika kila wilaya, zile za mbali zaidi na wala si zile zilizo kando ya lami, mzipe daftari la vifo kwa majaribio, na mtuambie ni zipi. La pili, kila chama cha msingi kipewe tangazo la ukurasa mmoja, kwa herufi kubwa, linaloeleza mfiwa aanzie wapi, achukue nini, alipe kiasi gani halali na amlipe nani. Libandikwe ukutani pale mizani inapokaa. Ofisi ya kijiji watu hupita. Kwenye mizani husimama na kusoma kila kilichoandikwa, wakingoja zamu.

Mkiamua kunijibu, jibu nalo libandikwe hapohapo.

Wenu katika kazi,

Msaidizi wa kisheria wa kujitolea,
Masasi, Mtwara.